Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mtiririko wa damu upimwe kabla na wakati wa kupandikiza mishipa ya moyo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Na kwa uongozi wa hospitali zote nchini zinazofanya upasuaji wa moyo.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa muuguzi wa chumba cha mtambo wa katheta, chumba ambamo mgonjwa wa moyo hulazwa chali, mrija mwembamba ukapitishwa kwenye mkono au paja hadi moyoni, kisha dawa inayoonekana kwenye eksirei ikasukumwa ili mishipa inayoulisha moyo ionekane kwenye skrini. Ombi langu ni kwamba, kabla ya mgonjwa kufunguliwa kifua ili apandikizwe mishipa, kila mshipa unaotia shaka upimwe na usitazamwe tu. Kwamba, baada ya vipandikizi, yaani mishipa hiyo mipya, kushonwa, damu inayopita ndani yake ipimwe kabla kifua hakijafungwa. Na kwamba vipimo vyote viwili vitajwe kwa jina kwenye kitita cha mafao na viwekewe bei.

Nchi yetu imetoka mbali katika jambo hili. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyehitaji upasuaji huu alisubiri rufaa ya kupelekwa India, na wapo waliofariki wakiwa bado wanasubiri. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, na leo upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo unafanyika Dar es Salaam, ukifanywa na Watanzania. Nayasema haya ili isidhaniwe kuwa nawalaumu madaktari wetu wa upasuaji, ambao mikono yao naiamini. Hoja yangu inahusu taarifa wanazokabidhiwa kabla hawajashika kisu.

Taarifa hizo kwa kawaida ni picha. Upigaji picha wa mishipa ya moyo ulianza Cleveland, Marekani, mwaka 1958 kwa mkono wa Mason Sones, na ni katika hospitali hiyohiyo ambapo René Favaloro, daktari kutoka Argentina, alianza mwaka 1967 kutumia vena ya mguuni kuivusha damu sehemu iliyoziba. Upasuaji huu, kwa hiyo, ulizaliwa na picha, na hadi leo hospitali nyingi duniani bado huupanga kwa picha peke yake. Lakini picha huonesha kivuli cha uwazi uliomo ndani ya mshipa tu. Haioneshi ni damu kiasi gani inayofika ng'ambo ya pili, wala haioneshi kama misuli ya moyo iliyo mbele ya sehemu ile nyembamba ina njaa au imeshiba. Daktari hutazama na kukadiria: asilimia 60, asilimia 70. Mwenzake akiitazama picha hiyohiyo kesho yake anaweza kusema 50, na wote wawili wakawa ni mabingwa.

Ukubwa wa tofauti kati ya kinachoonekana na kilichopo ulidhihirika katika utafiti ulioitwa FAME, uliochapishwa mwaka 2009 ukiwa na wagonjwa 1,005 wa Ulaya na Marekani. Sehemu zilizokadiriwa kwa macho kuwa zimeziba kati ya asilimia 50 na 70 zilipopimwa, ni asilimia 35 tu zilizokutwa zinaunyima moyo damu kweli. Zile za kati ya asilimia 71 na 90 zilikuwa asilimia 80, maana yake moja katika kila tano ilikuwa inatisha bure. Zilizozidi asilimia 90 karibu zote zilikuwa mbaya kweli, na kwa hizo jicho linatosha. Katika utafiti huohuo walikuwamo wagonjwa 115 walioandikwa kuwa na ugonjwa kwenye mishipa yote mitatu mikuu, na kipimo kilionesha kwamba ni asilimia 14 tu kati yao ambao mishipa yote mitatu ilikuwa na tatizo la mtiririko. Mgonjwa wa mishipa mitatu ndiye tunayempeleka kwa daktari wa upasuaji kwa wingi, na ndiye anayefungwa vipandikizi vitatu au vinne kwa sababu picha imesema hivyo.

Kipimo chenyewe, ambacho wataalamu hukiita FFR, hakina mafumbo. Waya mwembamba kama unywele mnene, wenye kihisi cha shinikizo karibu na ncha, hupitishwa ndani ya mshipa hadi mbele ya sehemu iliyobana. Mgonjwa hupewa adenosini, dawa inayoilegeza mishipa midogo ili damu ipite kwa wingi kama vile mtu anapanda ngazi akikimbia. Shinikizo la mbele ya kizuizi hugawanywa kwa shinikizo la kwenye aota, ateri kuu inayotoka moyoni. Mshipa mzima hutoa 1.0. Jibu likiwa 0.80 au chini yake, kizuizi kinahesabiwa kuwa kinaunyima moyo damu. Likiwa juu ya hapo, mara nyingi dawa zinatosha. Madaktari Nico Pijls wa Eindhoven, Uholanzi, na Bernard De Bruyne wa Aalst, Ubelgiji, ndio walioujenga msingi wake katika miaka ya 1990, na kwa upande wa kuzibua mishipa kwa stenti, kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi, kipimo hiki kimekuwa jambo la kawaida katika nchi zenye uwezo. Kwenye upasuaji wa kufungua kifua kimebaki mgeni, na kwa maoni yangu ugeni huo umetokana na mazoea zaidi kuliko sababu za kisayansi: waya uko mikononi mwa madaktari wa katheta, kisu kiko mikononi mwa madaktari wa upasuaji, na karatasi inayotoka chumba kimoja kwenda kingine hubeba picha na asilimia.

Kwa nini basi kipandikizi kiharibike kwa sababu kimewekwa mahali pasipokihitaji? Wakulima wa mifongo, yaani mifereji ya umwagiliaji, kwenye miteremko ya Kilimanjaro wanalijua jibu: ukichimba mfongo mpya sambamba na wa zamani ambao bado unapitisha maji vizuri, maji hayana haja ya kuhamia kwenye mpya, na mpya huo utajaa tope na majani mpaka ufe. Ndani ya moyo hali hiyo huitwa ushindani wa mtiririko. Mshipa wa asili unapokuwa bado unapitisha damu kwa shinikizo zuri, damu ndani ya kipandikizi husuasua au hurudi nyuma. Kipandikizi kilichotokana na ateri, kama ile ya ndani ya kifua ambayo madaktari huithamini kuliko vyote, hujibana na kunywea mpaka kikawa kama uzi. Cha vena hakijibani kwa namna hiyo, ila kinaweza kuganda.

Mwaka 2007 kundi la Eindhoven likiongozwa na Botman lilichapisha matokeo ya wagonjwa 164 waliopimwa FFR kabla ya upasuaji, ambao madaktari wao hawakubadili mpango kwa ajili ya kipimo hicho. Baada ya mwaka mmoja, vipandikizi vilivyounganishwa kwenye mishipa yenye tatizo la kweli vilikuwa vimeziba kwa asilimia 8.9, na vilivyounganishwa kwenye mishipa isiyo na tatizo vilikuwa vimeziba kwa asilimia 21.4. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2018 nao, unapopendekeza ateri ya mkononi badala ya vena, unaweka sharti kwamba mshipa unaounganishwa uwe umebana sana, na sababu ni hiyohiyo ya ushindani.

Sitaki kuwauzia nusu ya habari. Aalst mwaka 2013, wagonjwa 627 walipofuatiliwa kwa miaka mitatu, wale 198 waliopangiwa upasuaji kwa kufuata FFR hawakusumbuliwa na maumivu ya kifua kama wenzao, lakini vifo na mashambulio ya moyo havikutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Huo haukuwa utafiti wa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Tafiti za bahati nasibu zilipokuja zilikuwa ndogo na hazikuleta ushindi. FARGO ya Denmark, mwaka 2018, ilikuwa na wagonjwa 100, na GRAFFITI, mwaka 2019, ilikuwa na 172. Katika zote mbili vipandikizi vya kundi lililopimwa vilidumu sawasawa na vya kundi ambalo halikupimwa. Katika FARGO, isitoshe, mishipa iliyoachwa bila kipandikizi ilipopimwa tena baada ya miezi sita ilikutwa jibu lake la FFR limeshuka. Daktari wa upasuaji anayesema kwamba kipandikizi ni akiba dhidi ya ugonjwa utakaokuja baadaye hasemi upuuzi. Anaweza pia kuutaja FAME 3, uliochapishwa mwaka 2022 ukiwa na wagonjwa 1,500, ambamo upasuaji, mara nyingi bila FFR, ulishindanishwa na stenti zilizoongozwa na FFR: matukio mabaya katika mwaka wa kwanza yalikuwa asilimia 6.9 kwa upasuaji na asilimia 10.6 kwa stenti. Upasuaji ulishinda bila waya.

Pamoja na hayo nashikilia ombi langu, na sababu imo ndani ya GRAFFITI hiyohiyo. Waliopimwa walishonewa vipandikizi vichache, na hawakudhurika kwa kuwa navyo vichache. Mahali penye akiba kubwa ya damu na vyumba vingi vya wagonjwa mahututi, mtu anaweza kuuliza faida ya kipandikizi kimoja kilichopungua. Kwetu swali hilo lina majibu ya wazi. Kila kipandikizi kinachopungua hufupisha muda wa mgonjwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Hupunguza urefu wa kidonda cha mguuni, ambacho kwa mgonjwa wa kisukari, na wagonjwa wetu wengi wanacho, huchelewa kupona kuliko hata kidonda cha kifuani. Na humwachia mgonjwa vena nzima itakayohitajika iwapo miaka kumi baadaye atalazimika kurudi. Chupa za damu tunazoomba ndugu wachangie siku mbili kabla ya upasuaji ni chache kuliko wanaozisubiri. Kwa hiyo siombi kila mshipa wa kila mgonjwa uingizwe waya. Naomba kipimo kwa mishipa ambayo kizuizi chake kimekadiriwa kuwa kati ya asilimia 50 na 90, na zaidi ya yote pale daktari anapokusudia kutumia ateri badala ya vena. Mgonjwa aliyetoka kwenye shambulio la moyo siku chache zilizopita aachwe, kwa kuwa majibu ya mshipa ulioleta shambulio hilo hayaaminiki. Uamuzi wa mwisho ubaki kwa jopo la madaktari, namba ikiwa shahidi mezani na picha ikiwa shahidi mwingine.

Sehemu ya pili ya ombi langu ni nyepesi zaidi kutekelezwa, na kama mtalazimika kuchagua moja, chagueni hii. Kipandikizi kikishashonwa, daktari huweza kukizungushia kihisi kidogo chenye umbo la ndoano ambacho hutuma mawimbi ya ultrasaundi kufuata mkondo wa damu na kinyume chake, kisha mashine hupima tofauti ya muda ambao mawimbi hayo yametumia kusafiri. Jibu huja kwa mililita kwa dakika, likiwa na mchoro wa mapigo, na kazi yote huchukua dakika chache. Mtiririko ulio chini ya mililita 20 kwa dakika, au kiashiria cha mdundo (tofauti ya mtiririko wa juu kabisa na wa chini kabisa ikigawanywa kwa wastani) kilichozidi 5, ni dalili kwamba pana jambo: mshono umekaza, kipandikizi kimejipinda, donge limeanza, au mshipa wa asili unashindana nacho. Kifua kikiwa bado wazi, kasoro hiyo hurekebishwa papo hapo. Kikishafungwa, itajulikana usiku mgonjwa akiwa mahututi, au haitajulikana kabisa.

Vipandikizi vinavyokufa kimyakimya si vichache. Utafiti wa Marekani ulioitwa PREVENT IV, uliochapishwa mwaka 2005, uliwapiga picha tena wagonjwa kati ya miezi 12 na 18 baada ya upasuaji, na karibu nusu yao walikutwa na angalau kipandikizi kimoja cha vena kilichoziba au kilichobana vibaya. Sababu za kuziba ni nyingi na kipimo cha mezani hakiziondoi zote, lakini makosa ya ushonaji ndiyo hasa kinayokamata. Uingereza, kupitia NICE, taasisi yake inayotathmini tiba na vifaa, ilipendekeza kifaa cha namna hii tangu mwaka 2011, na mwongozo wa Ulaya wa 2018 unashauri kipimo hiki kifikiriwe kuwa cha kawaida. Katika utafiti wa REQUEST wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 1,016, kukipima kipandikizi na kuichunguza mishipa kwa ultrasaundi kuliwafanya madaktari wabadilishe mpango wao kwa mgonjwa mmoja katika kila wanne, na kwa asilimia 7.8 ya wagonjwa mabadiliko hayo yalihusu kipandikizi kilichokwisha kushonwa. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha na uligharimiwa na mtengenezaji wa kifaa, kwa hiyo usomwe kwa tahadhari hiyo. Hata hivyo siwezi kumfikiria fundi bomba ambaye angeondoka bila kufungua koki.

Sasa nije kwenye fedha. Waya wa FFR ni wa kutumika mara moja na bei yake ni kubwa. Vihisi vya mezani husafishwa na kutumika tena mara kadhaa, lakini mashine yake hununuliwa kwa fedha nyingi kwa mkupuo. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nimeona familia ikiambiwa kwamba kipimo kinahitajika, bima haikitambui, na waya unaweza kupatikana iwapo watalipa wenyewe. Mzee aliyekuwa amelala mezani, kahawa yake ya asubuhi bado inamsubiri nyumbani, aliamua kwa sauti kwamba daktari aendelee na picha. Uamuzi wa namna ile haupaswi kufanywa na mgonjwa akiwa amevaa gauni la hospitali na mkono wake umefungwa kwenye ubao.

Mvutano wa kitita kipya wa Machi 2024, ambapo hospitali binafsi kadhaa zilisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko, ulitufundisha sote kwamba huduma isiyo na bei inayokubalika kwenye kitita haipo, hata kama mashine ipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaleta watu wengi zaidi chini ya mwavuli wa bima, na wengi wao watakuwa na umri wa kuugua moyo. Naomba Mfuko ulinganishe bei ya waya mmoja na bei ya kipandikizi kisichohitajika: nyuzi, muda wa chumba cha upasuaji, damu, siku za ziada wodini, na kidonda cha mguu kinachosafishwa kila siku kwa wiki kadhaa. Hesabu hiyo inaweza kufanywa kwa madai ambayo Mfuko tayari unayo kwenye kompyuta zake. Bohari ya Dawa nayo iweke waya, vihisi na adenosini kwenye mpango wake wa ununuzi, kwa kuwa nimeona waya ukiwepo na adenosini ikiwa imeisha. Pale adenosini inapokosekana kuna kipimo cha iFR, ambacho kinatumia waya na hakihitaji dawa hiyo, mpaka wake ukiwa 0.89, na tafiti mbili kubwa za mwaka 2017 zilionesha kuwa si duni kuliko FFR kwa wagonjwa waliokuwa wakifikiriwa kuwekewa stenti.

Mtatembelewa pia na wauzaji wa programu zinazokokotoa mtiririko kutoka kwenye picha bila kuingiza waya. Wapokeeni, lakini msisaini haraka. Programu ya namna hiyo, QFR, ilishindanishwa na waya katika utafiti wa FAVOR III Ulaya uliochapishwa mwaka 2024, na haikuweza kuthibitisha kwamba si duni. Njia nyingine hutumia picha za sitiskani, na mwaka 2024 utafiti wa FASTTRACK wenye wagonjwa 114 ulionesha kwamba upasuaji mzima unaweza kupangwa kwa sitiskani yenye makokotoo ya mtiririko bila hata kumfikisha mgonjwa kwenye katheta. Hilo linanivutia sana, maana litamwepusha mgonjwa na kupitishiwa mrija hadi moyoni. Huduma hiyo, hata hivyo, hufanywa kwa kutuma picha za mgonjwa kwa kampuni iliyoko Marekani, na kabla ya kuikubali mnapaswa kueleza itakavyoendana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nani atalipia kila picha inayotumwa.

Jambo la mwisho halina gharama. Fomu ya rufaa inayompeleka mgonjwa kwenye upasuaji iongezewe mstari kwa kila mshipa: umekadiriwa asilimia ngapi, umepimwa au haukupimwa, na jibu lilikuwa ngapi. Ripoti ya upasuaji iandike mtiririko wa kila kipandikizi kwa mililita. Wagonjwa hao wakifuatiliwa kwa miaka miwili au mitatu, Tanzania itakuwa na takwimu za watu wake wenyewe, wenye kisukari chao, mishipa yao na umri wao, badala ya kuazima za Eindhoven na Denmark kama nilivyolazimika kufanya katika barua hii yote. Naomba Wizara iniarifu, kupitia tangazo la umma au kwa njia yoyote itakayoona inafaa, iwapo vipimo hivi vitajadiliwa katika mapitio yajayo ya kitita, na ni kamati gani itakayopokea maoni ya sisi tunaofanya kazi vyumbani humo.

Wenu katika utumishi wa umma,

Muuguzi wa chumba cha katheta
Dar es Salaam